Mti uliobanduliwa gome: usikimbilie kupaka rangi

Mkuu, umeuliza kama upake rangi kwenye mchungwa wako mchanga ambao mbuzi wameutafuna gome. Usipake. Mimi nilipaka na nikajuta.

Kwanza zungushia shina kamba pale palipotafunwa, uone gome lililotoka ni sehemu gani ya mzunguko. Likiwa chini ya robo, mti wenye afya utajimudu. Ikifika nusu, hali ni ya hatari. Likitoka mzunguko mzima, usidanganywe na majani mabichi. Maji hupanda kupitia sehemu ngumu ya ndani, kwa hiyo majani yanaweza kubaki mazima kwa miezi. Lakini chakula yanachotengeneza hushuka kupitia gome la ndani, na njia hiyo ikikatika mizizi hufa njaa.

Mchungwa wangu uliumizwa na mashine ya kukatia nyasi. Nikapaka rangi ya mafuta, nikaona kazi imekwisha. Misimu miwili baadaye rangi ilianza kubanduka, na chini yake palikuwa pamelainika na kuoza. Ndipo nikasoma kazi ya Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kuchunguza vidonda. Alionyesha kuwa mti hautengenezi upya sehemu iliyoumia kama ngozi yetu inavyofanya. Huizungushia ukuta kwa ndani, kisha gome jipya hutambaa kutoka kingoni mpaka lifunike. Rangi haizuii uozo.

Kwa hiyo chukua kisu kikali na safi, ondoa nyuzi na gome lililoachia, ishia pale gome linaposhika. Usipanue kidonda. Kisha kiache wazi. Kama gome limebanduka leo na bado ni bichi, lirudishe mahali pake haraka, ulifunge kwa kitambaa chenye unyevu na plastiki juu yake, ulifungue baada ya wiki mbili hivi. Mimi limeshika mara moja tu. Lililoshinda juani halikushika.

Gome likitoka mzunguko mzima, kuna daraja: vijiti vya kupitisha chakula juu ya kidonda. Mti unapoanza kuchipua na gome linaachia kirahisi, kata vikonyo (vipande vya matawi) vyenye unene wa penseli kutoka mti huohuo, virefu kidogo kuliko kidonda. Chonga ncha zote mbili, chomeka moja chini ya gome zima la chini na nyingine chini ya gome la juu, kila baada ya sentimita 5 hadi 8. Usivigeuze: upande uliokuwa juu ubaki juu. Vibane kwa misumari midogo, ziba maungio kwa nta yasikauke (hapa kuziba kunafaa), na ung'oe machipukizi yanayotoka kwenye vikonyo. Kwenye mlimau wangu niliweka 6, vikashika 4, na mti upo hadi leo.

Usipogoe majani sasa, maana ndiyo yanayolisha kidonda. Mwagilia, na mbolea ya kukuzia weka kando kwanza.

Kisha weka wavu wa chuma, mbali na shina kiasi ambacho mbuzi hafikishi mdomo. Kwa panya tumia wenye matundu ya milimita 6, uzike kidogo ardhini. Matandazo yakae sentimita 10 au 15 kutoka shinani, na nyasi za karibu zing'oe kwa mkono, mashine isipate sababu ya kusogea.

Ukishapima kwa kamba, leta picha ya pande zote za shina tuone kama unahitaji daraja.