Kitabu umeshaazima, kifaa kinakataa kukifungua

Nilipofika Toronto, kadi ya maktaba niliipata kabla ya koti la baridi. Nikanunua na kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, cha mkononi, kilichotumika, ili niazime vya maktaba. Halafu kwa jioni tatu mfululizo sikusoma hata ukurasa mmoja. Nawaandikia ndugu zangu mnaoanza sasa, msipoteze jioni zenu kama nilivyopoteza mimi.

Kosa langu la kwanza ndilo ninaloliona kwa kila mtu anayeniomba msaada. Ukiazima kitabu na kukipakua kwenye kompyuta, mara nyingi unachopata ni kifaili kidogo ambacho jina lake linaishia na .acsm. Hicho si kitabu. Ni kama risiti ya mzigo uliotumiwa kwa basi: lazima uipeleke dirishani ndipo upewe mzigo wenyewe. Dirisha hilo ni programu ya Adobe Digital Editions. Mimi nilikuwa nakihamisha kile kifaili moja kwa moja hadi kwenye kifaa, na kifaa hakikuwa na la kufanya nacho.

Nikaiweka programu, bado nikakataliwa. Kumbe mume wangu alikuwa ameshakifungua kifaili kile kwenye kompyuta yake, kwa akaunti yake ya Adobe. Anayefungua kwanza ndiye kitabu kinamtambua. Tukakirudisha maktaba, nikakiazima upya, na safari hii nikatumia akaunti moja kwenye kompyuta na kwenye kifaa. Kikafunguka. Andika barua pepe na nywila ya akaunti hiyo kwenye daftari, maana utaulizwa tena siku ambayo umeshaisahau.

Kama kompyuta haikioni kifaa kabisa, badilisha waya kabla ya kugusa kitu kingine. Nyaya nyingi za kuchajia hupitisha umeme tu, hazipitishi data. Na kama kitabu ulichoazima jana kinakwambia muda wake umekwisha, tazama tarehe kwenye kifaa. Changu kilikaa bila chaji wiki kadhaa, saa ikavurugika, nami nikadhani maktaba imeninyang'anya kitabu.

Kwa ambaye hajanunua kifaa, nasema hili kwa msisitizo: uliza kwanza maktaba yako inatumia huduma gani. Kobo, aina moja ya vifaa hivi, nyingi zina ndani yake OverDrive, huduma ambayo maktaba huitumia kuazimisha vitabu vya kielektroniki. Unaingiza kadi ya maktaba kwenye mipangilio, unaazima hapo hapo, kompyuta huigusi. Kindle, kifaa cha Amazon, ni nzuri, lakini kuazima vitabu vya OverDrive kwa Kindle ni kwa maktaba za Marekani. Aliyeko Kanada au Uingereza anaweza kuinunua na kuhuzunika.

Foleni ya kusubiri kitabu nayo haina dawa. Kwa vitabu vingi, maktaba hulipia nakala kwa idadi, na nakala moja husomwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, sawa na kitabu cha karatasi. Kwa hiyo ukimaliza kabla ya siku zako 14 au 21, usingoje kijifunge chenyewe. Kwenye Adobe Digital Editions bofya kitabu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kukirudisha. Aliye nyuma yako kwenye foleni huenda akakipata siku hiyo hiyo.