Futa kodi ya ghorofa ya chini kwenye hilo jedwali kabla hujasaini mkopo

Mkuu, usisaini. Nimeliona jedwali la hesabu za mkopo uliloliweka hapa kwa ajili ya jengo la ushirika wenu wa nyumba: nyumba za wanachama juu, kituo cha kulea watoto na jiko la pamoja chini, halafu kuna mstari unaosema kodi ya pango ya hivyo viwili italipa theluthi ya marejesho ya kila mwezi. Nani kakuandikia huo mstari? Nauliza kwa sababu mwandiko naufahamu.

Ushirika wetu ulikuwa na jedwali hilohilo. Alituletea mtaalamu mshauri, bwana mwenye slaidi nzuri na sauti ya mahubiri. Jengeni kwanza, akasema, wapangaji wa chini watakuja wenyewe. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, na nilikuwa mweka hazina, kwa hiyo mjiulize hazina ilikuwa mikononi mwa nani.

Jengo likaisha, watu wakahamia juu, chini kukabaki vioo na vumbi huku riba ikikimbia. Hatimaye tukampata dada mwenye uzoefu wa kuendesha vituo vya watoto. Akaja na futi ya kupimia. Hata hajamaliza kuzunguka akaanza kuuliza: vyoo vya watoto viko wapi? Mlango wa kutokea moja kwa moja uwanjani uko wapi? Kwa nini moshi wa jiko unatokea pale pale watoto watakapochezea? Gari la kushusha mazao litapitaje mlango mmoja na mzazi aliyebeba mtoto? Hakuna aliyekuwa na jibu, maana mchoro ulichorwa kabla hatujamjua mtu yeyote atakayefanya kazi humo ndani.

Mabomba ya maji taka yalikuwa yameshafukiwa chini ya zege. Tukavunja. Upande wa jiko nako ikawa hivyo hivyo: hapakuwa na mtego wa kunasa mafuta ya jikoni yasizibe mabomba, sakafu haikuwa na mteremko wa kupeleka maji kwenye mfereji, umeme wa fezi tatu haukuvutwa, na tundu la kupitisha bomba la moshi hadi juu ya paa hakuna aliyelikumbuka. Kuvunja sakafu mpya ya mkopo ambao hujaanza hata kuulipa ni mazoezi mazuri ya mikono, lakini siwapendekezei.

Na hiyo ilikuwa sehemu ya bei rahisi. Balaa lilianza tulipomtajia kodi. Yule dada alicheka, akachukua kalamu akatupigia hesabu. Kulea watoto wadogo ni mishahara, basi. Uingereza (England), kwa mfano, sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu wasiofikisha miaka miwili, na tangu 2023 mmoja kwa watano wenye miaka miwili. Hapo huwezi kuongeza watoto ili uongeze faida, na mashine ya kubadilisha nepi watoto kumi kwa mpigo haijabuniwa. Ukipandisha ada, wazazi uliowajengea kituo hawaimudu. Ukishusha mshahara, walezi wanaondoka. Kodi ya soko itoke wapi? Jiko la pamoja nalo ni hivyo hivyo: likimlipa mkulima bei ya haki na kumuuzia jirani kwa bei anayoiweza, kinachobaki katikati ni kiduchu.

Kwa hiyo theluthi ile ikahamia kwenye nyumba. Tukapandisha malipo ya wanachama. Walioshindwa kwanza ni wenye kipato kidogo kuliko wote, yaani wale tuliounda ushirika kwa ajili yao. Walihama kimya kimya. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao najifanya naongea na simu.

Yule mshauri je? Ada yake ilikuwa asilimia ya gharama ya ujenzi. Kila mita ya mraba tuliyoongeza chini ilimlipa yeye siku ileile, sisi haijatulipa hadi leo. Muulize wa kwako analipwa kwa mtindo gani. Akianza kukohoa, umeshajibiwa.

Sasa andika SIFURI kwenye huo mstari. Kama nyumba haziwezi kubeba mkopo zikiwa peke yake, jengo ni kubwa mno, lipunguze. Ghorofa ya chini iacheni bila kumaliziwa ndani, mabomba na nyaya zikiwa zimefika ukutani, mpaka mwendeshaji wa kituo na wa jiko wawe wamesaini na wamekaa na mchoraji. Kodi yao ilipie usafi, matengenezo na bima, na vifaa vyao vitafutiwe ruzuku au michango ya pembeni. Siku wakizidisha, hiyo ni bonasi, msiiahidi benki.

Mdau hapo juu kasema ardhi ikiwekwa kwenye dhamana ya jamii, yaani chombo kinachoishika kwa niaba ya wote, watu wakamiliki nyumba tu, hakuna wa kuwagusa. Mfumo ni mzuri, siupingi. Lakini New Communities, shamba la pamoja la wakulima weusi kule Georgia, Marekani, ndiyo iliyoanzisha mfumo huo mwaka 1969. Walikuwa na ekari zaidi ya 5,000, na walioianzisha walitoka kwenye harakati za haki za kiraia. Ukame ukawapiga, mkopo wa dharura wa serikali ukacheleweshwa kwa ubaguzi wa rangi, na 1985 ardhi yote ikaenda kwa wadai. Katiba yenu inaweza kumzuia mwanachama kuuza ardhi. Haimzuii anayewadai.

Uliuliza pia kuhusu usajili, na vigezo vya kuchagua wanachama, na kitu kingine kuhusu bustani nadhani. Wenzangu watakujibu. Wewe rekebisha jedwali uliweke tena hapa, na usiniwekee kodi ya maegesho badala yake, maana najua ndiyo itakayofuata.