Maude Adams hakupotea
Umeuliza Maude Adams alipotelea wapi baada ya kuwa mwigizaji nyota wa Broadway, yaani majumba makubwa ya maigizo ya New York, Marekani. Hakupotea, ndugu. Alizaliwa Salt Lake City mwaka 1872, mama yake mwigizaji, kwa hiyo jukwaa alilijua tangu utotoni. Mwaka 1905, akiwa mwanamke wa miaka 32, aliigiza Peter Pan, mvulana wa tamthilia asiyekua, kule New York, na watu wakampenda kweli. Meneja wake Charles Frohman alikufa 1915 meli ya Lusitania ilipozamishwa. Miaka mitatu baadaye naye akaacha jukwaa. Kwangu mimi utamu unaanzia hapo: aliingia maabara za kampuni ya umeme ya General Electric, mjini Schenectady, kufanyia utafiti taa za jukwaani! Kisha kuanzia 1937 akafundisha uigizaji Stephens College, Missouri.