Rangi ya ndani kama ilivyotoka kiwandani: maswali yenu

Swali: Fundi, nimenunua Mercedes-Benz ya mwaka 1978. Viti ni vyeusi, lakini kwenye mishono naona rangi ya damu ya mzee inachungulia. Nitajuaje gari lilitoka na rangi gani?

Jibu: Hiyo inayochungulia ina uwezekano mkubwa kuwa ndiyo yenyewe, na weusi umekuja baadaye, kwa sababu anayepaka rangi juu ya kiti hafiki ndani ya mshono. Hata hivyo usinunue hata mkebe mmoja kabla hujathibitisha.

Anza na karatasi. Mercedes ya umri huo ilitoka na kadi ya kiwandani, na humo mna namba ya viti yenye tarakimu tatu, inayotaja aina na rangi yake. Ikianza na 1, viti vilikuwa vya MB-Tex, ile ngozi bandia isiyochoka upesi. Ikianza na 2, ni ngozi halisi. Wenye magari mengine nao wana pa kushika: Ford Mustang za katikati ya miaka ya 1960 zina kibati chenye namba kama hiyo kwenye mlango wa dereva, na magari mengi ya General Motors ya miaka hiyo yana kibati kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kwa MG, Austin na Morris, vitabu vingi vya uzalishaji vimehifadhiwa Gaydon, Uingereza, na huko unaweza kuomba cheti cha gari lako.

Kisha lifungue gari lenyewe. Inua kiti cha nyuma, chomoa kisahani cha majivu ya sigara, fungua egemeo la mkono mlangoni. Unatafuta mahali ambapo jua halijafika tangu siku gari lilipounganishwa. Niliwahi kufungua skrubu mbili za egemeo katika gari ambalo mwenyewe aliapa kuwa ndani yake ni kahawia. Chini palikuwa na umbo lilelile la egemeo, jekundu bichi kama limepakwa jana, na mlango wote uliolizunguka umekuwa rangi ya tofali kuukuu. Tulikaa kimya wote wawili. Kipande cha namna hiyo ndicho cha kupeleka kwa mchanganya rangi, si picha ya simu, maana kila kamera ina wekundu wake.

Swali: Nilichanganyiwa rangi, ndani ya duka ikafanana kabisa na sampuli. Nilipotoka nje, dashibodi ikaonekana ina ukijani. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa. Rangi mbili zinaweza kutengenezwa kwa chembe tofauti, zikapatana chini ya taa fulani na kuachana juani. Kwa hiyo linganisha kwenye mwanga wa mchana, kivulini, halafu rudia chini ya taa ya kawaida usiku. Zikipatana kote, chukua. Sampuli nayo ioshwe kwanza. Uchafu wa miaka arobaini hugeuza rangi ya maziwa ikawa ya chai, na mchanganyaji ataiga uchafu kwa uaminifu mkubwa.

Na jambo ambalo watu wengi hulisahau: mng'ao. Sehemu ya juu ya dashibodi kwa kawaida ilifubazwa makusudi ili isiakisi kwenye kioo cha mbele. Ukiipaka rangi sahihi yenye mng'ao mkali, jicho litakataa tu, na utaanza kulaumu rangi isiyo na kosa. Agiza mng'ao kama unavyoagiza rangi.

Swali: Vinili ya milango, ile ngozi ya plastiki, nimeipulizia rangi mara mbili, na mara zote inabanduka kama ganda la kitunguu. Kwa nini?

Jibu: Karibu kila mara adui ni silikoni. Zile dawa za kung'arisha dashibodi na milango zinaacha silikoni nyingi, na rangi haiwezi kuishika. Najua machungu yake: nilipuliza mlango mzima, na mbele ya macho yangu rangi ikajitenga vitobo vitobo, kila kimoja na duara lake. Ilibidi nivue yote.

Osha kwa maji ya sabuni na brashi laini, ukifuata vinyweleo vya vinili. Suuza, kausha, kisha futa kwa kisafishio cha kuondoa silikoni, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, la sivyo unaihamisha tu kutoka kona moja hadi nyingine. Paka dawa ya kushikisha rangi. Baada ya hapo puliza tabaka jembamba sana, lile la kwanza lionekane kama ukungu, uliache likauke kabla ya kuongeza. Rangi nene inajaza vinyweleo, na vikishajaa mlango unaonekana kama ndoo ya plastiki. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Swali: Mikanda ya usalama imepauka. Naweza kuipaka?

Jibu: Hapana. Kemikali zinaweza kudhoofisha nyuzi zake, na mkanda ukidhoofika hautakuonya. Wapo mafundi wanaobadilisha utepe wote kwa rangi ya asili.

Swali: Kapeti limebadilika rangi. Nilitie rangi au ninunue jipya?

Jibu: Inategemea limefumwa kwa nini. Ng'oa nyuzi chache, zishike kwa koleo na uziguse kwa moto, nje ya gari. Zikinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu, na sufu hunywa rangi vizuri. Zikiyeyuka na kuacha shanga ngumu, ni za kiwandani. Baadhi hukubali rangi, baadhi hukataa katakata.

Ukinunua jipya, angalia ufumaji. Magari mengi ya Marekani yalikuwa na kapeti la vitanzi hadi takriban 1973, ndipo likaja la nyuzi zilizokatwa. Rangi sahihi kwenye ufumaji usio wake bado ni kosa.

Swali: Gari hili ameniachia marehemu baba. Viti vya nyuma ni vizima, ngozi ya asili, ila cha dereva kimechakaa sana. Fundi anashauri tuvue vyote tushone upya. Unasemaje?

Jibu: Pole sana, dada. Nakuomba usikubali. Ngozi ya asili ikivuliwa hairudi. Hata Hati ya Turin, iliyopitishwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inatanguliza kuhifadhi kuliko kutengeneza upya.

Mwambie fundi ashughulikie cha dereva peke yake: azibe nyufa, abadilishe vipande vilivyochanika tu, na rangi ailinganishe na viti vya nyuma jinsi vilivyo leo. Kiti kimoja kipya kati ya vilivyozeeka pamoja kitaonekana mgeni. Vipande atakavyokata usiviache karakana. Vitie kwenye bahasha, andika kila kimoja kimetoka wapi na lini, uviweke pamoja na karatasi za gari.