Sabufa katika gari la Tanga: anza na boksi

Wengi wanaoniomba ushauri kuhusu sabufa huuliza kwanza ukubwa wa spika na wingi wa wati zilizoandikwa kwenye katoni. Mimi huwarudisha kwenye boksi. Spika ya inchi 12 ya bei kubwa ikitiwa ndani ya boksi bovu itazidiwa na spika ya inchi 10 ya bei ya kawaida iliyokaa ndani ya boksi lililopimwa, likazibwa na kufungwa mahali pasipotikisika. Hapa Tanga, ambapo upepo wa chumvi hauachi salama chuma wala ubao, tofauti hiyo hujitokeza mapema.

Maboksi ni ya aina mbili kuu: lililozibwa pande zote na lenye bomba la kupitishia hewa. Lenye bomba hutoa kishindo kikubwa zaidi kwa wati zilezile, lakini hula nafasi, na bomba lenyewe lazima likatwe kwa urefu uliokokotolewa. Muziki ukishuka chini ya masafa (kasi ya mtetemo wa sauti) ambayo bomba limepangiwa, koni, yaani uso wa spika unaocheza, hukosa mgandamizo wa hewa wa kuizuia na huweza kuruka kupita kiasi hadi koili, waya uliosokotwa nyuma yake, ikaumia. Katika boksi lililozibwa, hewa iliyofungiwa humo huirudisha koni upesi, ndiyo maana besi yake husikika fupi na safi.

Chagua kwa kuangalia muziki unaousikiliza. Mji huu ndio uliokuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa na besi katika taarab, na bado wengi wetu tunaendesha gari huku tukisikiliza taarab. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Boksi lililozibwa hufika hapo bila taabu, hasa kwa kuwa udogo wa chumba cha gari huyaongezea nguvu masafa ya chini. Kwa singeli pia naliona linafaa zaidi, kwa sababu pigo moja hukatika kabla la pili halijaingia. Mwenye sababu ya kweli ya kutaka bomba ni yule anayependa besi ndefu za kompyuta zinazoshuka hadi hezi 30, na ambaye yuko tayari kulitoa buti lote.

Kipimo cha boksi ndipo fedha nyingi zinapopotea, nami naomba msomaji anisikilize hapa kwa makini. Mtengenezaji wa spika huandika katika karatasi yake lita ambazo spika inahitaji, na lita hizo ni za ndani ya boksi. Chukua spika ya inchi 10 inayotaka lita 28. Boksi lenye urefu wa sentimita 50, kimo cha 30 na kina cha 20 kwa ndani lina lita 30, na ukitoa takriban lita 2 zinazoliwa na mwili wa spika yenyewe, umefika. Lakini ukimpa seremala vipimo hivyohivyo bila kumwambia kuwa ni vya ndani, atavipima kwa nje. Kwa ubao wa milimita 18, ndani zitabaki lita 20 tu. Theluthi moja ya hewa imepotea, na besi itakuwa ngumu, yenye mvumo wa aina moja katika kila wimbo. Mwandikie seremala vipimo vya nje: 53.6 kwa 33.6 kwa 23.6.

Kuhusu ubao, vitabu vingi vya fani hii husifu MDF, ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, kwa uzito wake na kwa kuwa hautetemeki ovyo. Sifa hizo ni za kweli, lakini ubao huo hauvumilii maji. Niliwahi kulifungua boksi la gari lililokuwa likilazwa nje upande wa Raskazone: sehemu ya chini ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, skrubu zilichomoka kwa vidole, na pembeni palikuwa na ufa ambao hewa ilipumulia. Kwa gari la pwani napendekeza plaiwudi ya kutengenezea vyombo vya baharini, ya milimita 18, iliyounganishwa kwa gundi na skrubu, kisha ikapakwa vanishi ndani na nje kabla ya kuvishwa zulia. Viungo vya ndani vizibwe kwa silikoni, nayo iachwe ikauke kabisa ndipo spika iingie, maana mvuke wake huweza kudhuru gundi za koni. Ili kujua kama kuna uvujaji, cheza mlio wa hezi 40 kwa sauti ya wastani na upitishe kijiti cha udi kando ya kila kiungo. Moshi ukiyumba kwa kufuata mapigo, hewa inatoka hapo.

Sasa wati. Ile namba kubwa ya kwenye katoni ni ya kishindo cha nukta moja na haina msaada. Tafuta namba ya RMS, yaani nguvu ambayo spika hubeba mfululizo, kisha tafuta amplifaya yenye RMS inayokaribiana nayo kwa idadi ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) utakazoziunganisha. Spika yenye koili mbili za omu 4 hutoa omu 2 zikiungwa sambamba, na omu 8 zikiungwa kwa mfululizo. Amplifaya iliyoandikwa kuwa mwisho wake ni omu 2 isipewe omu 1 hata kama fundi atakuhakikishia kuwa itavumilia.

Gari dogo kama Toyota IST halina umeme wa kuchezea. Amplifaya ya wati 300 za RMS inayofanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 80 huvuta takriban ampia 27 kwenye volti 13.8, na hizo ni juu ya taa, feni na kiyoyozi. Kwa magari haya mimi huishia hapo, kwa sabufa moja. Waya uwe wa shaba tupu, ikiwezekana iliyopakwa bati, kwa sababu ule wa alumini iliyovishwa shaba huliwa haraka na chumvi kwenye ncha zake. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwani waya ukikatika njiani na kugusa bodi, kinachoweza kuzuia moto ni fyuzi hiyo. Waya hasi uwe mfupi na ukazwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukishakaza, paka grisi juu yake, la sivyo kutu itaanzia hapo hapo.

Boksi lenye spika huweza kufika kilo 20, na gari likisimama ghafla uzito huo unamfuata aliyekaa kiti cha nyuma. Lifunge kwa bolti na vipande vya chuma vyenye pembe, wala usilitegemee zulia kulishikilia. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya gari utazame tangi na mipira ya mafuta ilipopita, na uhakikishe tairi la akiba bado linatoka. Kwanza ligeuze boksi likiwa halijafungwa, usikilize spika ikitazama nyuma, kisha juu, kisha mbele. Katika magari yenye mlango wa nyuma mara nyingi kutazama nyuma hushinda, mradi koni ibaki na nafasi ya kuruka.

Kichujio cha masafa ya chini, kile kinachoipitishia sabufa besi pekee, kianze kwenye hezi 80. Jaribu pia kugeuza swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa kucheza kwa koni ukilinganisha na spika nyingine, na ubaki na upande unaoongeza besi kwenye kiti cha dereva.

Mtetemo hulegeza vitu. Baada ya safari kadhaa za Segera, kaza upya skrubu za spika, bolti za boksi na nati ya waya hasi, na kila masika yanapokwisha fungua kifuniko cha fyuzi uangalie kama kuna unga wa kijani kwenye shaba.