Vidoa vyeupe vimetoweka, je, samaki wamepona?

Ndugu, unasema samaki wako wa maji ya chumvi walitokwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi, vikatoweka siku ya tano bila dawa. Hawajapona, na tafadhali usingoje. Vidoa hivyo huletwa na kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans. Akishashiba hudondoka, hujifunga ganda kwenye mchanga na mawe, halafu ganda hutoa wachanga wengi wanaosaka samaki upya. Wimbi la pili mara nyingi huwa kali zaidi.

Hamisha samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi la karantini lisilo na mchanga wala mawe. Watibu huko kwa dawa ya shaba siku 30, ukipima kiwango chake kila siku. Shaba usiitie kamwe tangi kuu: huua kamba, konokono na matumbawe. Tangi kuu likae bila samaki hata mmoja, ili wachanga wa kimelea wakose wa kumshambulia. Wafugaji wengi huliacha siku 76. Ni muda mrefu, najua, lakini ukikatiza utaanza upya.

Ila wakihema kwa kasi na ngozi ikawa kama imenyunyiziwa vumbi la dhahabu, shuku kimelea mwingine, Amyloodinium. Huyo huua ndani ya siku chache, kwa hiyo wahamishe leo hii.