Jasho la usiku si kila mara malaria

SWALI: Mama Docta, jambo. Niko na miaka 49, nauzisha sambaza, zile samaki ndogo, ku soko ya Kadutu. Tangu mwaka jana siku zangu za mwezi zinaruka, miezi mbili hakuna kitu, kisha damu inakuja mingi. Usiku naloana jasho mpaka nabadilisha nguo, na munajua baridi ya Bukavu, bwana yangu anavuta blanketi mimi naitupa chini. Farmasi imenipa dawa ya malaria mara tatu, bure tu. Jirani anasema nimerogwa. Yaya yangu, ndugu mkubwa, anasema ni menopozi, siku za mwezi kukatika, ila nisiguse dawa za homoni za kutuliza ile jasho juu zinaleta kansa ya titi. Nimsikie nani?

JIBU: Mama yangu, msikie yaya yako, lakini nusu. Kwanza ile malaria, ulipimwa? Nauliza juu najua vile inapitaka, mtu anaeleza jasho ku dirisha ya farmasi anatoka na dawa, kidole hakijachomwa ata mara moja. TDR, kipimo cha haraka cha malaria, ni tone la damu na dakika kama 20. Na kama jasho linakuja na kikohozi ya wiki mbili ao unakonda, ambia docta atafute kifua kikuu na SIDA (ukimwi) pia, usiweke yote ku menopozi.

Lakini ukiunganisha umri wako, siku zinazoruka na ile jasho, ni njia ya menopozi kabisa. Ovari zinachoka, estrojeni, ile homoni ya kike, inapanda na kushuka, na kile kisehemu cha ubongo kinachopima joto ya mwili kinachanganyikiwa, joto kidogo tu kinafungua jasho sawa vile umekaa ku moto. Wengi inawafika kati ya miaka 45 na 55. Wewe haujafika bado, tunasema menopozi mtu akipitisha miezi 12 bila damu, kwa hiyo mimba ingali inawezekana (usicheke mama, nimeona). Kwa umri wako kipimo cha homoni si lazima, hiyo pesa pimisha hemoglobini, juu damu mingi inamaliza nguvu.

Sasa kansa. Uoga ulienea 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha dawa ya estrojeni na projestini (homoni ingine ya kike) juu kansa ya titi iliongezeka kidogo, na watu duniani pote wakatupa dawa. Kile hawakuambiwa vizuri ni kwamba wale wamama umri wao wa kati ulikuwa 63! Leo waganga wanasema ukianza kabla ya miaka 60, ao kabla miaka 10 haijapita tangu damu ikatike, na hauna kizuizi, kwa wengi faida inazidi hatari. Hatari iko, ni ndogo, na inapanda kadiri unavyokaa ku dawa miaka mingi. Kizuizi ni kansa ya titi, damu iliyowahi kuganda mguuni ao ku mapafu, stroki (kiharusi), ini gonjwa, ao damu inayotoka bila sababu kujulikana. Na mwenye bado ana kizazi asimeze estrojeni peke yake, lazima projestini iwe pamoja, juu bila hiyo ukuta wa ndani ya kizazi unanenepa na unaweza kugeuka kansa. Ya kubandika ku ngozi ao jeli haigandishi damu sana kama kidonge. Tansio (presha ya damu) ipimwe kwanza, na usinunue kwa kuelekezwa na jirani, ata yule wa uchawi.

Hautaki homoni? Docta anaweza kukupa venlafaxini ao gabapentini kidogo kwa ajili ya jasho. Ukavu wa chini uko na krimu yake ya estrojeni, inabaki pale pale karibu yote. Punguza pombe na pilipili kama unaona zinawasha moto. Na zile sambaza kula nawe, na mifupa yake, usiuzishe zote, juu estrojeni ikipungua mifupa inalegea.

SWALI: Niko na 57, siku zilikatika miaka mitano. Juzi nimeona damu tena, wenzangu wanafurahi eti nimerudia ubinti. Ni kweli?

JIBU: Hapana mama. Ata tone moja, ata kama haiumi, nenda kwa docta wiki hii akufanyie ekografi (picha ya ndani ya tumbo) na aangalie mulango wa kizazi. Mara mingi ni ukuta uliokauka ao kinyama kidogo, lakini mara ingine ni kansa, na ile ya kizazi ikikamatwa mapema inatibika. Usingoje damu irudi mara ya pili.